Na Mimi Naitwaje?

Nilianza na mlango. Niliandika la porte kwenye kikaratasi cha njano chenye gundi, nikakibandika juu kidogo ya kitasa, nikarudi nyuma kukitazama. Kisha la fenêtre dirishani, la table mezani, la chaise kwenye kiti kimoja kati ya sita. Hadi magharibi nyumba ya dada yangu pale Kibaha, nyuma kidogo ya Maili Moja, ilikuwa na vikaratasi 41. Shemeji alipotoka kazini alisimama katikati ya sebule akauliza kama tunahama au tunauza vyombo.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka mmoja kabla, sina kazi, naishi kwa dada kwa jina la "kumsaidia na watoto." Kila niliyemuuliza aliniambia nijifunze Kifaransa. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Burundi na Rwanda walishakuwamo, Kariakoo imejaa Wakongo wanaofuata mzigo, hoteli zinatafuta watu. Ada ya masomo pale Alliance Française jijini niliiona, nikaipigia hesabu, nikaamua kuanza na bando la usiku na video za bure. Humo ndimo nilimokuta ushauri wa vikaratasi. Hoja yake ni rahisi: ukikutana na neno kila siku likiwa limeshikana na kitu chenyewe, mwisho unaacha kupitia Kiswahili. Ukiona mlango, la porte inakuja yenyewe.

Kwa vitu nilivyovitumia, ilikuwa kweli. Mlango, kitanda, kioo, kiti: wiki moja tu vikawa vyangu. Vya jikoni na uani vilikataa kuingia. Niliandika le seau kwenye ndoo, nikaipita ndoo kila siku, na bado nikiulizwa ndoo ni nini, kichwa kinakuwa cheupe. Sababu niliiona baadaye. Ndoo nilikuwa naiona tu. Aliyekuwa anaibeba ni mwingine.

Alikuwa binti wa miaka 19, ametoka Kisarawe, kijiji cha ndani kwenye njia ya Maneromango. Jina lake sitaliandika hapa. Ni lake, na nilishabandika majina ya kutosha. Nyumbani tulimwita dada. Dada, chai imechemka? Dada, mtoto analia. Dada yangu wa damu naye nilimwita dada. Nyumba moja ilikuwa na watu wawili wanaoitwa dada, na katika miezi yote niliyokaa pale hakuna hata siku moja aliyeitwa mmoja akaitika mwingine. Sauti ilitosha kutenganisha.

Wiki ya tatu nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma najipima kwa sauti. Le lit, kitanda. Le balai, ufagio. Nikafika kwenye ndoo, nikakwama. Kutoka kwenye beseni la nguo, bila kuinua kichwa, akasema: "Le seau." Akalitamka "so", kama inavyotakiwa, wakati mimi bado nilikuwa nasoma kila herufi kana kwamba ni Kiswahili.

Alikuwa ameyashika karibu yote. Video zangu za usiku alizisikia kupitia ukuta. Vikaratasi alivisoma akideki, akipangusa, akiosha, mara tatu au nne kwa siku, mkono ukiwa juu ya kitu. Ule ushauri ulikuwa umefanya kazi vizuri sana. Ila haukufanya kazi kwangu.

Tukaanza kusoma pamoja jioni, baada ya watoto kulala. Yeye ndiye aliyeleta swali la le na la, ambalo mimi nililipita kama jambo la kukariri. Alitaka kujua kwa nini. Nikamwambia Kifaransa kina vitu vya kiume na vya kike. Alifikiri siku mbili, akarudi na nadharia: le balai, le seau, le savon, le torchon, le fer à repasser. Ufagio, ndoo, sabuni, kitambaa cha vyombo, pasi. "Kwa hiyo kwao kazi za nyumbani ni za wanaume?" Tulicheka mpaka dada akatoka kuuliza kuna nini. Beseni ndilo lililoiharibu nadharia, kwa sababu ni la bassine, na tambara la kudekia, la serpillière, ambalo hakuna kati yetu aliyeweza kulitamka.

Siku nyingine nilimkuta amesimama jikoni akiitazama mbuzi ya nazi. Nilikuwa nimeiandikia la chèvre, kama kamusi ya simu ilivyonipa. "Hii inakula majani?" akauliza. Kamusi ilikuwa imenipa mbuzi wa maziwa. Tukatafuta, tukapata la râpe, ambayo ni kikwaruzio chochote, hata cha karoti. Hakikuwa kifaa cha kukalia chenye ulimi wa chuma mbele. Akakitoa kikaratasi, akasema kiache hivyo hivyo, kibaki mbuzi.

Ningependa kuishia hapo, kwenye hadithi ya wasichana wawili na kamusi. Lakini kuna jambo kuhusu mchezo wetu ambalo sikuliona wakati ule.

Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichotoka 1953, miaka miwili baada ya kifo chake, anatutaka tufikirie lugha ndogo kuliko zote. Inatumiwa na watu wawili wanaojenga. Ina maneno manne ya vifaa: tofali, nguzo, bamba, boriti. Mjenzi akitamka neno, msaidizi anakileta kile kifaa. Lugha yote imeishia hapo. Mfano huu tulifundishwa chuoni, tukajadili kama kujua jina la kitu kunatosha kuitwa kujua lugha. Hakuna darasani aliyesema kwamba lugha hiyo ina bosi. Mjenzi anaitwa A, msaidizi anaitwa B. A ndiye anayesema. B analeta. Katika maneno yote manne hakuna neno la B kujiita, wala la kusema amechoka.

Jioni zetu zilikuwa hivyo. Mimi natamka, "le seau!", kupima kama ameelewa, na yeye, ili kuonyesha kwamba ameelewa, ananyanyuka kuleta ndoo. "Le couteau!" Kisu kinakuja. Alikuwa anafurahi, mimi nilikuwa nafurahi. Lakini hakuna siku hata moja yeye alitamka mimi nikanyanyuka. Hatukupanga hivyo. Mchezo uliikuta njia iliyokwisha kukanyagwa, ukaifuata.

Kisha akauliza swali ambalo lugha ya wale wajenzi haina nafasi nalo. Ilikuwa usiku, umeme umekatika, tuna taa ya simu. Alitazama vikaratasi ukutani, akasema, "Na mimi naitwaje?"

Nilijua anauliza nini. Hakuuliza jina lake, jina halitafsiriwi. Aliuliza kitu kama yeye katika nyumba kama ile kinaitwaje kwa Kifaransa. Na jibu nilikuwa nalo, nilikuwa nimekutana nalo wiki hiyo hiyo kwenye orodha ya kazi za watu. Nikasema, "La bonne."

"Maana yake?"

"Nzuri," nikasema. "Mwema."

Si uongo. Bonne ni "nzuri" kwa umbo la kike. Ndiyo ile iliyo kwenye bonne nuit, usiku mwema. Lakini ukiitanguliza la na kumwelekezea msichana wa jikoni, maana yake ni mtumishi wa ndani. Hiyo nusu nikaibakiza mdomoni. Yeye akachukua kikaratasi, akaandika mwenyewe kwa herufi nzuri, akaenda kukibandika kwenye mlango wa stoo alimokuwa analala, pamoja na gunia la mchele na baiskeli ya mtoto.

Kilikaa pale karibu miezi miwili. Nilikipita kila asubuhi nikienda bafuni.

Nikaanza kulisoma lile neno kwa namna mtu anavyobonyeza jino linalouma. Wafaransa walikuwa na bonne à tout faire, yaani "mwema wa kufanya kila kitu": msichana mmoja anayepika, anayefua, anayedeki, anayelea. Chini ya mapaa ya majengo ya Paris ya karne ya 19 kuna vyumba vidogo vinavyoitwa chambres de bonne, walikolala hao wema, na mara nyingi walipandia ngazi yao ya nyuma wasikutane na wenye nyumba. Leo wanafunzi hupangishwa humo, na sheria ya huko kwa kawaida inataka chumba cha kupangisha kisipungue mita za mraba 9. Nilikwenda kuipima stoo kwa hatua. Sitasema nilipata ngapi.

Lakini nisiwageuze Wafaransa kuwa jibu rahisi. Kiswahili nacho kina boi, kutoka neno la Kiingereza la mtoto wa kiume, lililotumiwa kuwaitia wanaume wenye ndevu na wajukuu. Kina yaya, neno lililosafiri kutoka kwa Wareno kupitia India mpaka kwetu likiwa na mtoto wa mwenzake mgongoni. Vijana wa mjini tuna beki tatu, tunaitumia kwa mzaha. Na tuna dada, ambalo ndilo zuri kuliko yote, na kwa hiyo ndilo ninalolitilia shaka zaidi.

Swali langu ni hili: ukimwita mtu kwa jina zuri ambalo hukusudii kulilipia, umemheshimu au umemdanganya?

Ipo hoja ya kututetea. Maneno ya undugu ndiyo adabu yetu. Konda wa daladala humwita abiria mama, muuza machungwa humwita mteja mjomba, na hakuna anayedhani watarithiana. Afadhali dada kuliko boi. Kumwita msichana kwa jina la kazi yake kungekuwa kumkumbusha kila saa kwamba yuko pale kwa mshahara. Dada yangu aliniambia hivyo hivyo nilipomgusia: "Sisi hapa tunamchukulia kama mtoto wa nyumbani."

Nimeifikiria hoja hii kwa muda, na ninaona ni kweli nusu, kama jibu langu la usiku ule. Kwetu neno la undugu halikuwa pambo. Lilikuwa deni. Ukiitwa mjomba unaingiza mkono mfukoni. Ukiitwa shangazi utatafutwa msibani na usipoonekana utaulizwa. Mwenye muuza machungwa anapokuita mjomba, mnaachana hapo hapo na hakuna aliyebaki na deni. Lakini binti yule alikaa nasi mwaka na nusu. Dada yangu wa damu akiugua, nyumba nzima inasimama. Binti yule alipopata malaria alipewa dawa, akaambiwa apumzike, na saa kumi na moja akaulizwa kama maharage yameshawekwa jikoni. Mtoto wa nyumbani hapewi mshahara, ni kweli, lakini anasomeshwa. Mfanyakazi hasomeshwi, lakini analipwa. Yeye tulikuwa tumemkata pande zote mbili: siku ya mshahara tulimkumbuka kuwa ni ndugu, siku ya ada tulimkumbuka kuwa ni mfanyakazi.

Amri ya Mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini kwa mtumishi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Si fedha nyingi. Niliisoma kwenye simu, nikaangalia upande wa jikoni, nikazima simu. Sikuwa mimi mwajiri. Nilikuwa yule wa pembeni anayeoshewa sahani na mtu asiyemlipa, na hiyo ni nafasi ya starehe sana.

Alikwenda kwao Idd, hakurudi. Hakugombana na mtu. Alikuwa anadai miezi miwili. Baada ya wiki tatu dada alinipa fedha yote kwenye bahasha, akanituma nimpelekee na nimbembeleze arudi.

Kutoka Kibaha nilishuka Mbezi, nikachukua gari la Gongo la Mboto, kisha la Kisarawe, linalopanda vilima vya Pugu ambako hewa inabadilika na unaanza kuona msitu. Kisarawe mjini nikapanda bodaboda. Barabara ya vumbi, mikorosho, minazi, watu wanaanika makopa ya muhogo. Kwa ramani ni jirani zetu, wilaya mbili za mkoa mmoja wa Pwani. Mimi nilitumia saa nne na nusu, na njiani nikatambua kwamba alipokuwa akiomba kwenda kusalimia na kuambiwa "subiri mwezi ujao," hakuna aliyewahi kumuuliza ni mbali kiasi gani.

Nyumba yao ni ya udongo, na kwenye ubao wa mlango mtu alikuwa ameandika kwa mkaa: la porte. Kwenye kinu, kwenye dumu la maji, kwenye kigoda, kila mahali mkaa. Mdogo wake wa darasa la nne alinipokea kwa kunisomea uani pote kwa sauti ya darasani, akinyoosha kidole. Bibi yao, mama mtu mzima mwenye kaniki begani, alicheka akasema mtoto huyu sasa anasema kama redio ya watu wengine. Kisha akaita kuelekea jikoni: "Labone! Mgeni wako huyu."

Ndivyo walivyokuwa wanamwita. Alikuwa amewaelezea maana yake, na bibi alikuwa amelipenda.

Alikuwa amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Alinisalimia vizuri, akanipisha kwenye mkeka. Nilimpa bahasha. Akahesabu mbele yangu, akaifunga kwenye pindo la khanga. Kuhusu kurudi alisema, "Nitakaa kwanza," nami nikaelewa. Hapo ningeweza kunyanyuka. Nilikuwa nimeshatimiza nilichotumwa.

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba la bonne ni nzuri, ndiyo, lakini Mfaransa akiisikia vile anaelewa mtumishi wa ndani, na kwamba nilijua tangu usiku ule. Nikamwambia samahani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, au kwa yale machozi ambayo humfanya aliyekosea ajisikie ameshasamehewa.

Hakuacha kukuna. Alimaliza kifuu kile, akakitupa, akachukua kingine. Kisha akasema, "Kumbe ni kama dada."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama alivyokuwa akisema jioni zile anapopata kanuni: mtu amekuta maneno mawili ya lugha mbili yanafanya kazi moja.

Baadaye, wakati wa kuchuja tui, akauliza kama hakuna neno jingine. Nikamwambia lipo. Mwaka 2011, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu kazi ya staha kwa wafanyakazi wa majumbani, na kwa Kifaransa mkataba huo unawaita travailleuses et travailleurs domestiques, wanawake kwanza, kisha wanaume. Akaomba nilirudie la kike. Travailleuse. Alijaribu mara tatu, ulimi ukateleza mara tatu.

"Baya kutamka," akasema. Nikamweleza kwamba mwanzo wake ni travail, kazi. Akatikisa kichwa. "Basi hilo angalau lina kazi ndani yake."

Tulikula wali wa nazi na kisamvu. Bibi aliendelea kumwita Labone, naye akaendelea kuitika. Sikuona kama ni juu yangu kumrekebisha bibi.

Vikaratasi nilivibandua wiki ile. Miezi miwili hatukuwa na msaidizi, kwa hiyo nilifua, nilideki na kubeba maji mimi, na le seau sijaisahau tena. Sasa amekuja binti mwingine, kutoka Morogoro. Kabla hajaonyeshwa jikoni nilimwomba dada tuandike ukurasa mmoja: mshahara, siku ya mapumziko, nauli ya kwenda kwao, nini kitatokea akiugua. Dada alilalamika kwamba ninaigeuza nyumba kuwa ofisi, lakini alisaini. Yule binti naye alisaini, akiwa na wasiwasi, kwa jina lake lote la matatu.

Watoto wanamwita dada. Ilichukua siku mbili tu. Nilifikiria kuwakataza, nikaacha, maana sina neno bora la kuwapa na wao wanalisema kwa moyo wote. Ila nikilisikia, najiuliza lile deni liko upande gani. Juzi aliitwa kutoka sebuleni, "Dada!", na dada yangu wa damu, aliyekuwa chumbani, ndiye aliyeitika.